Mwanamke Aliyekataa Kiti

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na wanangu wote wawili. Hamjambo huko? Kikohozi cha mdogo kimekwisha? Na mkubwa bado anaficha viatu vya shule kila Jumatatu, au amepata ujanja mwingine? Mimi huku sijambo, na safari hii neno hilo nalisema kwa kumaanisha. Si lile sijambo langu la kwenye simu, ninalolitoa haraka haraka ili tuhamie kwenye bei ya sukari. Nakula, nalala, mkono wa sindano hauniumi sana, na cherehani yangu inalia kila siku ninayokuwa nyumbani. Juzi nimemaliza mapazia ya nyumba nzima ya daktari wa meno, yenye marinda juu na chini, na mama mwenye nyumba alipoyaona yametundikwa alikaa chini akayatazama kama anatazama sinema.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe una mdomo na mimi nina hasira, tukifika katikati mmoja anakata. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo chukua chai yako, kaa mahali watoto hawatakuona, usome mpaka mwisho bila kuruka. Nina mambo yamenijaa mpaka hapa kooni, na nikikurukia na la mwisho kabla ya la kwanza hutanielewa.

Chumba chetu cha mashine hujawahi kukiona, maana nilikukataza usije. Basi nikuchoree. Ni chumba kirefu chenye viti vinavyolala nyuma kama vya kinyozi, vimefunikwa plastiki ya buluu inayonata mgongoni kukiwa na joto. Kando ya kila kiti kuna mashine inayozungusha damu yako taratibu, kuitoa, kuisafisha na kuirudisha, na wewe unakaa tu unaitazama ikipita kwenye mipira kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mlangoni kuna mizani. Hiyo mizani tunaiogopa kuliko sindano, kwa sababu inasema mbele za watu ni nani aliyekunywa maji kupita kiasi tangu mara ya mwisho.

Jirani yangu wa kulia ni mwanamume mwenye bucha, na sisi tunamwita hivyo hivyo, Bucha. Ni mkubwa, sauti yake inajaa chumba, na kila akipanda kwenye mizani anavua viatu, mkanda, saa, anampa muuguzi simu amshikie, halafu bado anailaumu mizani. Kwamba mtu anayeishi kwa kupima nyama anagombana na mizani, wauguzi wanalicheka jambo hilo kila siku na halichuji. Wa kushoto, karibu na dirisha, ni mama mmoja mwembamba aliyestaafu ualimu wa fasihi. Miwani yake ameifunga kwa uzi shingoni, nguo zimenyooshwa kama anakwenda kukaguliwa, na hata karatasi ya muuguzi akiiona ina kosa la lugha anaomba kalamu. Huyo ni Mwalimu.

Kwa muda mrefu hatukuwa na maneno mengi. Televisheni ilikuwa ukutani, kila mtu anaitumbulia macho, saa zinakwenda. Siku moja ikatoa moshi kidogo na kuzima kabisa. Fundi akaitwa, akaja, akaitazama, akatikisa kichwa, akaondoka nayo. Mdogo wangu, hujui ukimya ni nini mpaka ukae na watu wanaosikiliza mashine zao. Bucha akaanza kutueleza namna ya kutenganisha mbavu za ng'ombe na uti wa mgongo, na mimi nilikuwa nimefungwa sindano mbili mkononi, siwezi kukimbia.

Nadhani ni hizo mbavu zilizomchosha Mwalimu. Alifungua mkoba wake akatoa kitabu kisicho na jalada, kurasa za mbele zimekunjamana, na kwenye kurasa za nyuma alikuwa amebana kibanio cha nguo. Akatuambia atatusomea, ila kwa masharti yake. Tutasoma sura tatu za mwanzo tu, na hatutaigusa ya nne mpaka tujue tumeingia nyumba ya nani, iko wapi, na kuna harufu gani ndani yake. Bucha akauliza kwa nini tusiende tu mwisho tujue nani kafa, tuokoe muda. Mwalimu akamjibu kwamba muda ndio kitu pekee ambacho chumba hiki kinacho cha kutosha, na kibanio kile kipo kwa ajili yake yeye Bucha.

Nikwambie kweli, nilijua nitalala. Shuleni wewe unakumbuka nilivyokuwa. Nilikuwa naruka maelezo yote ya milima na nyumba na mawingu, naenda moja kwa moja kwenye maneno ya watu. Fasihi ilikuwa kukariri: dhamira hizi, mandhari hii, wahusika hawa, unamwaga kwenye karatasi, unasahau ukitoka mlangoni.

Kitabu kinaanza na mwanamke mmoja anafika kwenye nyumba ya kupanga akiwa na sanduku lililofungwa. Mwenye nyumba anampa chumba cha mwisho kwenye ujia, na mwandishi anakieleza chumba hicho ukurasa mzima. Mwalimu alipomaliza kusoma akatuuliza ndani kulikuwa na nini. Tukataja: kitanda, msumari ukutani wa kutundikia nguo, taa, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Akatuuliza ni nini hakimo. Mimi, kwa kazi yangu, nikasema pazia. Bucha akasema meza, mtu atakula wapi. Mwalimu akatikisa kichwa, akarudi nyuma akasoma tena mistari michache ambayo sote tulikuwa tumeisikia na haikutuingia. Mwenye nyumba alikuwa ameweka kiti kwenye chumba kile. Mwanamke, kabla hata hajavua viatu, alikibeba akakitoa nje kwenye ujia, akasema asante, hana haja nacho.

Mwalimu akatuuliza kiti cha chumbani huwa ni cha nani. Nikajibu haraka kwamba ni cha mgeni, mwenye chumba ana kitanda chake. Na nilipolisema hilo ndipo nikaona alichokifanya mwanamke yule. Alikuwa amekitengeneza chumba ambacho hakuna mtu anayeweza kukaa naye. Mwandishi hakusema popote kwamba mwanamke huyu hataki watu. Alikitoa kiti tu, akatuachia.

Sijui kama nakueleza vizuri. Ni kama siku ile ulipopata miwani ukiwa darasa la tano, ukarudi nyumbani unanionyesha kwamba miti ina majani moja moja. Niliondoka hospitali siku hiyo miguu haigusi chini. Nikaanza kuingia kwenye nyumba za wateja wangu kwa macho mapya. Nikienda kupima dirisha naangalia viti vimekaaje, vinatazamana au vyote vinatazama televisheni, nani ana mto na nani hana. Kuna bibi mmoja alitaka mapazia mazito kwenye dirisha la barabarani na mepesi kwenye la uani. Zamani ningepima kitambaa nikaondoka. Safari hii nilijiuliza njia nzima anamwogopa nani barabarani, na anamngoja nani uani.

Sura ya pili ndiyo iliyotugombanisha. Kwenye nyumba ile kuna jirani, mama mtu mzima wa chumba cha katikati, anayempelekea yule mpangaji chakula. Mpangaji anakipokea, anashukuru kwa maneno mazuri sana, anafunga mlango. Kesho yake sahani inarudi imeoshwa inang'aa. Halafu mwandishi anasema, kama kwa bahati mbaya, kwamba kuku wa mwenye nyumba siku hizi wamenenepa.

Bucha aliangua kicheko mpaka mipira ikatikisika. Akasema ameshajua: huyu ni mwizi, sanduku lina mali ya watu, anaogopa kutiliwa sumu. Kwake yeye dhamira ya kitabu ni wizi, na akataka tuandike hivyo tuendelee. Mimi nikamtetea mwanamke. Nilimtetea kwa nguvu ambayo hata mimi ilinishangaza. Nikasema mtu ana haki ya kuachwa. Nikasema kuna watu wanaleta sahani ili baadaye waseme nilikulisha, na kwamba mwanamke aliyezoea kujitegemea hawezi kuanza ukubwani kuzibwa mdomo kwa wali wa jirani. Bucha akasema wali hauna kosa. Nikamwambia wali wa bure una macho. Tukapandishiana, presha yangu ikapanda kweli, mashine ikaanza kupiga kelele, muuguzi akaja mbio. Alipojua tunagombania mtu asiyekuwepo duniani alishika kiuno, akatuambia tukirudia atakifungia kitabu kabatini pamoja na dawa.

Mwalimu alikuwa amefumba macho muda wote, anatabasamu. Kulipotulia akasema tumefanya kosa moja sote wawili. Kila mmoja ameshamhukumu mwanamke, Bucha kwa kumtia jela na mimi kwa kumtoa, na hakuna aliyemtazama. Alituambia mhusika humjui kwa kuambiwa ni mwema au mbaya. Unamjua kwa inachofanya mikono yake wakati hakuna anayemwona, kwa wanavyomsema wengine, na kwa neno linalomtoka akibanwa. Bucha akauliza basi dhamira ni nini, atuambie tu, amelipwa pensheni kwa kazi hiyo. Mwalimu akasema sura za mwanzo ni kama kupita nyuma ya jiko la mtu. Unasikia kitunguu kinakaangwa. Unajua kuna kitu kinapikwa, unaweza hata kubahatisha, lakini ukitangaza chakula chenyewe kwa kunusa kitunguu utaaibika mezani.

Basi tukarudia. Tulisoma sura zile mbili mpaka nikawa nazisikia nikikanyaga cherehani. Bucha akalalamika kwamba hii si hadithi, ni gari bovu, abiria tumepanda, injini inaunguruma, na haliondoki. Lakini siku moja alichelewa kwa sababu ya ng'ombe, na alipoingia, kabla hajapanda kwenye mizani, alituuliza kama tumesoma bila yeye.

Halafu, mdogo wangu, nikaja siku moja nikakuta kiti cha dirishani kitupu.

Wewe huwezi kujua kiti kitupu kinamaanisha nini kwenye chumba kile. Hatuulizi. Tunatazama tu uso wa muuguzi. Bucha alivua viatu vyake kimya kimya, akapanda mizani, akashuka, hakuilaumu. Muuguzi alipoona tulivyokauka akatuambia upesi kwamba Mwalimu yupo, amelazwa juu kwa homa, mashine yake ameletewa huko huko. Halafu akatoa kitabu mfukoni mwa koti lake. Mwalimu alikuwa ametuma maagizo: fundi wa mapazia asome sura ya tatu kwa sauti, asikimbie, na Bucha asiguse kibanio.

Nilisoma. Sauti yangu mwanzoni ilikuwa kama ya mtoto anayesomeshwa mbele ya mkaguzi. Katika sura ya tatu mvua inanyesha siku nyingi, mpangaji anavimba miguu. Anatembea kwa kushika ukuta usiku ili asionekane. Yule jirani wa chumba cha katikati anachemsha maji, anatia chumvi, anayabeba kwenye beseni mpaka kwenye mlango wa mwisho, anabisha. Kutoka ndani sauti inasema, kwa upole kabisa, asante mama, nimeshaoga. Jirani haondoki. Ujia ni mwembamba na hana mahali pa kuweka beseni, kwa hiyo anasimama amelishika. Mwandishi haingii ndani ya chumba hata kidogo. Anabaki nje na yule mama. Anaeleza mvuke unavyopanda usoni mwake, kisha unavyopungua, anavyoliegemeza beseni tumboni, maji yanavyopoa. Mlango haufunguki. Mwishowe anayamwaga polepole kwenye mfereji ili yasipige kelele, mwenye chumba asijue alikuwa bado amesimama.

Nilifika hapo nikafunga kitabu. Nikamwambia Bucha macho yamechoka.

Bucha hakucheka wala hakutaja wizi. Alitazama dari, mashine yake inazunguka. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Mimi siku zote nilikuwa namtazama wa ndani."

Hilo tu. Na mimi nilikuwa namtazama wa ndani. Nilikuwa nimemtetea, nimempigania mpaka mashine ikalia, na kumbe muda wote mlangoni kwake kulikuwa na mtu amesimama ameshika kitu kizito.

Mwalimu alirudi safari iliyofuata, amepungua, kola imemlegea, lakini ulimi uko pale pale. Kitu cha kwanza alikagua kibanio. Cha pili akatupa zoezi. Alitaka kila mmoja aseme, kama angekutana na yule mwanamke kwenye ujia, uso kwa uso, angemwambia neno gani. Bucha akasema angemwomba radhi kwa kumwita mwizi, halafu angemuuliza kwenye sanduku kuna nini. Ikafika zamu yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kitu cha kawaida. Badala yake nikajisikia nasema, "Ningemwambia afungue mlango. Anadhani anawapunguzia watu mzigo, kumbe ndiye anayewabebesha."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. Nadhani alijua, maana watu wa viti vile tunajuana historia zetu, ingawa hatuzisemi. Alisema tu, "Haya. Sasa tumeanza kusoma," akamgeukia Bucha kumweleza kwamba kumuuliza mtu kilichomo sandukuni si salamu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Vuta pumzi, na mimi huku navuta.

Mwaka jana uliniambia utanipa figo yako moja. Uliniambia kwenye simu, ukaniambia tena, ukamtuma hata wifi aniambie. Nami nilikujibu kwamba wewe ni mtoto wangu. Mama alipotutoka nilikubeba mgongoni nikiwa mwenyewe bado nabebeka, nilikupikia uji nikiwa sifikii sufuria, na mtu hali kutoka kwenye mwili wa mtoto wake. Nilikuambia ukirudia neno hilo nitabadilisha namba ya simu. Hukurudia. Tukaanza kuongea bei ya sukari. Nilidhani nimeshinda, na nilijiona nimekupenda sana kwa kukataa.

Nilipotoka chumba cha mashine siku ile ya zoezi sikwenda nyumbani. Nilikwenda mlango wa daktari wa figo, sikuwa na miadi, nikakaa kwenye benchi mpaka akatoka. Nikamwambia nina mdogo wangu, alijitolea, nilikataa, na leo nataka kuuliza kama mlango bado uko wazi. Akaniuliza nini kimebadilika. Mdogo wangu, ungeniona. Nilianza kumweleza kiti, na sahani, na kuku walionenepa, na beseni, mikono yangu inapaa hewani, wagonjwa kwenye benchi wanasikiliza. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu kwenye faili langu. Natamani sana kujua aliandika nini.

Alinieleza bila kunipaka mafuta. Wewe utapimwa kwanza, vipimo vingi, na kazi ya kwanza ya vipimo hivyo ni kukulinda wewe. Wakiona una hatari hata ndogo watakurudisha nyumbani, hata nikipiga magoti. Na hata ukiwa mzima kama chuma, damu zetu zinaweza zisikubaliane. Nimeyasikia yote hayo na nimeyakubali. Ikiwa haitawezekana, nitarudi kwenye kiti changu cha buluu, tutaendelea kusoma, na wewe hutakuwa umenipungukia kitu. Nakuomba hilo ulielewe kabla hujapanda basi.

Kuna jambo jingine, na hili usimkasirikie mtu. Kabla ya kukuandikia nilimpigia wifi. Ilikuwa lazima. Mwili ule ni wako lakini nyumba ni ya kwake pia, na watoto ni wa kwake. Nilimuuliza kama ananiruhusu hata kuuliza. Nikasikia anacheka na kulia kwa pamoja, yale mambo yake. Aliniambia anaogopa. Alilisema wazi, wifi, naogopa sana, lakini nikiogopa pamoja na wewe ni afadhali kuliko kuogopa kila mtu kwake.

Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia. Kwamba tangu mwaka jana umeacha sigara. Kwamba kila alfajiri unavaa ile kaptula yako ya zamani unazunguka uwanja wa mpira, vijana wanakupita wanakupigia miluzi, majirani wanakuita Mwanariadha. Kwamba chumvi umeikata, na ukiulizwa unasema ni kwa sababu ya tumbo. Wifi hakuamini hilo la tumbo, akakubana siku moja, na wewe ukamjibu, "Siku dada akibadili mawazo, nisiwe mimi wa kumchelewesha."

Nilikuwa nimekaa mbele ya cherehani aliponiambia hayo, kitambaa cha mteja mapajani. Nilikilowesha chote. Ilinibidi nikifue na kukipiga pasi upya, na sijutii.

Nilikukataza nikidhani nimefunga mjadala, na wewe ukaenda ukawa unakimbia. Asubuhi zote hizo. Hukunibembeleza, hukunitupia lawama, hata hukuniruhusu nijue. Nimeishi na wewe tangu siku uliyozaliwa, nimekuosha, nimekupeleka shule, nimekuozesha, na nilidhani nakujua kuliko unavyojijua. Kumbe nilikuwa bado kwenye sura za mwanzo.

Basi nasema sasa, kwa mkono wangu mwenyewe, ili usije ukadai umesikia vibaya: njoo. Nataka. Nataka kunywa maji glasi nzima bila kuipima. Nataka kukaa siku nzima kwenye cherehani bila kutazama saa. Nataka kuja kwenu kwa basi la mchana, nikae wiki mbili bila kutafuta hospitali yenye mashine, nimshike huyo anayeficha viatu nimuulize anavificha wapi, maana mama yake ameshindwa. Sijawahi kutaka vitu vingi kwa wakati mmoja tangu nianze kuumwa, na naona kama nimelewa.

Daktari amesema uje wiki ya mwanzo wa mwezi, kabla ya mvua. Usile asubuhi ya kipimo cha kwanza, na usiniletee mizigo ya viazi, nina viazi. Wifi akitaka kuja naye aje, kitanda changu kikubwa tutalala wanawake, wewe utalala chini na hutalalamika. Chumbani kwangu viti viko vitatu, nimeazima kimoja zaidi kwa jirani.

Mwalimu anakusalimu sana. Ameniagiza nikwambie kwamba barua ikizidi kurasa tano msomaji ana haki ya kudai chai ya pili. Bucha naye anakusalimu, na anauliza una kilo ngapi. Nilimwambia si kazi yake, akasema ni kazi yake tangu ujana. Juzi tumeondoa kibanio, tukaingia sura ya nne, na Bucha ameshindwa vibaya: sandukuni hamna mali ya mtu. Amenuna mpaka leo.

Nisalimie watoto, waambie shangazi yao anawashonea mapazia ya chumba chao, mkubwa achague rangi mwenyewe na asimpangie mdogo. Msalimie wifi, mwambie ahsante, yeye anajua ya nini. Na wewe endelea kukimbia, lakini usivunjike mguu sasa hivi.

Ukinijibu kwamba nisijisumbue kuja stendi, sitakusikia. Nitafika mapema, nitasimama pale kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, nimevaa gauni la njano ili unione kabla basi halijasimama. Nakuja kukupokea mwenyewe, mdogo wangu. Usinikatalie.

Ni mimi dada yako,
fundi wa mapazia.